Tata, Siku Uliyokubali Kuogeshwa

Mpendwa Tata,

Najua ungenicheka kuona nakuandikia kwa Kiswahili. Nyumbani hatukukizungumza hata siku moja, na kwa Ekegusii chetu neno "baba" ni la kumwita mama, ndiyo maana hata hapa siwezi kukuita baba. Wewe ni Tata. Lakini Kiswahili ndicho ulichozungumza na Hamisi, na leo nimeamka nikimkumbuka Hamisi na wewe pamoja, kama watu wawili niliowaona ndotoni wakiongea huku wamenipa mgongo.

Ukungu bado umelala juu ya shamba la chai. Kutoka mlangoni naona mistari ya mwanzo tu, halafu weupe. Asubuhi kama hizi huwa nakusikia ukikohoa kule chini shambani, na huwa sijisumbui kujiambia kwamba si wewe.

Unakumbuka kiharusi kilivyokuja? Uliinuka kwenye kiti chako, mguu wa kulia ukakataa kuinuka nawe. Mama alikuwa ameshafariki. Nyakundi, kaka yangu, alikuwa Mombasa kazini, na mkewe na watoto walikuwa naye huko. Nilibaki mimi, muuguzi, niliyekuwa nimeogesha wazee wa watu wengi kwenye zahanati. Kwako sikuwa muuguzi. Nilikuwa binti, na kati yetu ilikuwako chinsoni, ile heshima inayomkataza mtoto kuuona mwili wa mzazi wake. Kila asubuhi nilikuletea beseni na sabuni, na kila asubuhi uliniambia, "Moraa, weka hapo, utoke, ufunge mlango." Nilitoka. Nilisikia mkono mmoja ukipiga maji kidogo, kisha kimya.

Ukaanza kukataa kwenda kanisani. Sabato ikifika ulivaa lile koti lako zito na kukaa nalo kitandani, ukitazama dirisha. Nilijua ni harufu uliyokuwa unaiogopa, na wewe ulijua kwamba najua. Tuliongea habari za mvua.

Wakati huohuo niliitwa Kisii kwa mafunzo ya wahudumu wa wazee. Nilimwachia jirani kazi ya kukupikia, nikaenda. Sijawahi kukusimulia siku ya kwanza ilivyokuwa. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole kutoka Keroka, alitutia maharagwe ndani ya viatu na pamba masikioni, akatuvisha miwani iliyopakwa mafuta ya kujipaka, kisha akatuambia tutoke nje tukazunguke uwanja kama wazee. Tata, dunia iliondoka. Miti ikawa vivuli vya kijani, watu wakawa sauti zinazotoka chini ya maji. Kila hatua iliniuma. Nilisimama katikati ya ule uwanja nikiwa sijui kama nimekaribia ukuta au bado, na nikafikiri, hapa ndipo Tata anapoishi.

Mtu akasimama kando yangu. "Dada, mbele yako kuna ngazi. Nishike wewe mkono. Mimi sitakushika."

Huyo ndiye Hamisi. Alifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa mjini, na nyumbani kwao waliuza vitambaa karibu na soko. Nilipoivua miwani nilimwuliza kwa nini hakunishika tu. Akasema, "Mzee ukimshika anakuwa mzigo. Akikushika anatembea." Tukawa marafiki kuanzia pale. Siku ya mwisho, tukinywa chai, nilimweleza habari zako. Hakutoa ushauri wowote. Aliuliza tu, "Mzee anapenda chai ya maziwa ama ya rangi?"

Alipokuja kukuona kwetu Gesima ulikuwa na homa. Nilihofia kidonda cha kulalia, kile kinachoanza chini ya ngozi ya mtu asiyegeuzwa, lakini hukuniruhusu niangalie. Hamisi alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda chako, beseni nililoleta likiwa miguuni pake, akanywa kikombe chote cha chai bila kutaja kuoga. Nilikuwa mlangoni. Nakumbuka kila neno.

"Wewe ni mtoto wa nani?" ulimwuliza.

"Babu alikuja na biashara ya nguo akaoa hapa, mzee. Mama ni Mgusii. Sisi ni Waislamu wa pale mjini."

"Na kazi?"

"Naogesha wazee."

Uliitazama mikono yake. Kisha ukasema, "Na ukishaona wazee hao uchi, unaenda kuongea huko sokoni?"

"Siwaoni, mzee. Shuka inabaki juu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mkono ndio unapita chini yake. Mahali ukisema hapana, mkono unarudi."

"Hiyo maji iko moto?"

"Gusa mwenyewe uniambie."

Ukatoa mkono wako wa kushoto ndani ya blanketi, ukautia katika beseni, ukauacha humo. Naona bado vidole vyako vilivyokunjuka taratibu, vyeusi kwa utomvu wa ndizi ambao haukutoka miaka yote. "Moraa," uliniita, "kachemshe mengine."

Nikaenda jikoni. Sijui nilikaa huko kwa muda gani. Moshi ulipanda, jua likaingia kupitia nyufa za ukuta na kuugawa moshi vipande vipande, na kutoka chumbani nilisikia kitambaa kikikamuliwa, maji yakirudi majini, na sauti yako. Ulikuwa unamweleza jinsi ya kukata mgomba bila kuumiza mche wake. Ulikuwa unacheka, Tata.

Kisha Hamisi akaja, uso umebadilika. "Dada, kidonda kipo. Kwenye nyonga. Hakijaingia ndani sana, lakini hakiwezi kungoja. Mimi nimesafisha. Kukifunga kila siku ni kazi yako wewe, na nimemwambia hivyo."

Nilisimama nje ya mlango wako kama mgeni. Ukatoa sauti ile yako ya shambani: "Moraa aingie. Lakini shuka ikae."

Niliingia. Shuka ilikufunika kutoka kifuani hadi miguuni, imefunuliwa mahali padogo tu, pa ukubwa wa kiganja. Nilikifunga kidonda chako, na wewe ukatazama ukutani, na mimi nikatazama kidonda peke yake. Kilipona polepole, homa ilishuka, na Hamisi aliendelea kuja kila alipopata nafasi. Sabato uliyorudi kanisani ulitaka kukaa benchi la mbele, unanukia sabuni, na ukaimba kwa sauti kubwa kuliko wote, nje kabisa ya tuni.

Ulituacha wakati wa mvua, mchana, ukiwa safi. Nyakundi alifika siku ya pili, akaniuliza kama uliteseka. Niliweza kumjibu kwamba hapana.

Sasa mimi ndiye ninayefundisha, Tata. Tunakutana Nyamira katika ukumbi wa kuazima, wauguzi na wahudumu wa vijijini. Vifaa ni vichache: kitanda kimoja kikuukuu, mabeseni, kiti cha kuogea ambacho fundi alitutengenezea kwa mbao. Mgonjwa wa mfano hatuna, kwa hiyo nalala mimi. Nafunikwa, nafumba macho, na mikono ya watu nisiowaona inapita juu ya mguu wangu na maji ya vuguvugu. Pale ndipo huwa nakaribia sana ulipo.

Mwezi uliopita kulikuwa na mhudumu mmoja, Kwamboka, anayemtunza baba mkwe wake. Aliuliza kwa aibu, "Mimi ni mke wa mwanawe. Hata kuingia chumbani mwake ni shida. Nitaanzia wapi?" Darasa zima likaangalia chini. Nikamwambia amwulize mzee mwenyewe wapi aanzie, na akisema hapana, asibishane naye, aulize tena kesho.

Juzi alinipigia simu. Alikuwa ananong'ona na kucheka na kulia kwa pamoja.

"Mwalimu, leo amekubali."

"Amekubali nini?"

"Mguu mmoja."

Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua. Pumzika, Tata wangu.

Binti yako,
Moraa