Ngoma ya Wen Ninayo Mimi

Bibi Lan,

Shikamoo. Najua leo hutaniitikia ile "marahaba" yako ya haraka haraka, halafu ukacheka mwenyewe. Baada ya salamu, niingie kwenye jambo lenyewe kabla sijaogopa: nimesema uongo juu yako. Nimeusema mara mbili, nimekaa kwenye benchi moja, na niliyemdanganya ni Wen.

Usininunie kwanza. Nisikilize.

Tangu uondoke mambo mengi yamebadilika hapa. Barabara zimefunguliwa. Watu wamekata nywele, wanakaa vibarazani wanakunywa kahawa kama vile hapakuwa na korona. Mume wangu Rajabu bado anaendesha malori ya makontena kule Port Botany, analalamika foleni zimerudi. Mimi nimepewa mteja mwingine wa kumwogesha, mzee wa Seven Hills anayeangalia mbio za farasi kutwa nzima. Bado napanda treni Campbelltown, nabadilisha Glenfield, na kila ikisimama Toongabbie mguu wangu unataka kushuka. Lazima niukumbushe kwamba huna haja nami tena.

Unakumbuka siku ya kwanza? Julai, baridi ya kuuma meno, Sydney yote imefungwa kwa korona, nami nina kibali changu cha kazi mfukoni. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa moja: kukuogesha, dawa, chai. Niliambiwa ni mwanamke mzee aliyewekewa nyonga mpya. Hakuna aliyeniambia kwamba hiyo nyonga ya zamani ilicheza ngoma kwenye majukwaa ya nusu ya dunia. Kazini tumefundishwa kuwaita wateja kwa majina yao makavu, lakini mimi mtu wa Tanga, ulimi wangu ulikataa. Nikakuita Bibi. Ukaniuliza maana yake, ukafikiri kidogo, ukasema jina hilo linakutosha.

Kwenye korido yako kulikuwa na picha moja tu. Wen, gauni jeupe, mguu mmoja hewani, shingo imenyooka. Nilidhani ni binti yako. Ukaniambia ni mwanafunzi wako, umemfundisha miaka ishirini, na sauti yako ikalainika kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia ukiwa unaniomba taulo. Basi tangu siku ile nilifuta vumbi nyumba nzima isipokuwa picha ile. Na hilo pia nakiri leo.

Ulikuwa unanisimulia maisha yako ukiwa kwenye beseni la kuogea, mgongo umenipa mimi. Kijiji chenu cha mpunga kusini mwa Taiwan. Mwalimu aliyesomea Japani aliyekufunga vidole vya miguu mpaka vikatoka damu. Marekani, ulikojifunza kukunja tumbo kana kwamba umepigwa ngumi. Halafu ukarudi nyumbani ukayatupa yote, ukawaambia wachezaji wako watembee tu. Mwaka mzima kutembea! Nusu yao wakakimbia. Na hao waliobaki ndio waliokuja nawe mpaka huku Sydney.

Halafu siku moja, maji yameshapoa, ukanisimulia habari za mama yako.

Kwenu binti aliyeolewa mbali akichelewa kufika msibani haingii nyumbani kwa miguu. Analia tangu mwanzo wa njia, anapiga magoti, anatambaa mpaka kwenye jeneza. Wewe ulikuwa jukwaani nchi ya watu mama alipokata roho. Walikuficha habari mpaka onyesho liishe. Ulipofika alikuwa ameshazikwa, na kaka zako wakakwambia haina haja tena, ingia tu. "Nikaingia na viatu," uliniambia. Ulilirudia hilo neno, na viatu. Kwa miaka thelathini ulitunga ngoma ya mama yako, sehemu nne ukazimaliza, ya tano ikakushinda, kwa kuwa hiyo ya tano ndiyo ile njia ya kutoka getini mpaka mlangoni. Na sasa umeipata, na nyonga imekataa kupiga magoti.

Ukageuka ukaangalia magoti yangu. Yana sugu, ya sala na ya kusugua vyoo vya watu. Ukasema, "Magoti yako yanaijua sakafu."

Bibi, hakuna mtu aliyewahi kuyasifu magoti yangu. Hata Rajabu.

Basi tukaanza. Kila asubuhi baada ya kukuvisha, dakika ishirini, korido ile ile. Wewe umekaa kwenye kile kigari chako cha kutembelea, unapiga paja, unahesabu kwa lugha ya mama yako. Pumzi itoke kwanza. Magoti yatangulie mikono. Mkono wa kulia uburute, wa kushoto uzibe mdomo. Simama mara tatu. Mara ya tatu geuka nyuma, kana kwamba umeitwa. Ukifika kwenye kizingiti usiingie: paji la uso chini, na kiganja kimoja tu kivuke. "Tena," unasema. "Tena." Nyumbani nilifanya mazoezi sebuleni, mwanangu Zuhura akatoa spika za simu masikioni akaniambia, "Mum, that's not dancing," eti hiyo si ngoma, akarudi chumbani. Sikujali. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwogesha wazee, nilikuwa nafundishwa ngoma ambayo hakuna mwingine duniani anayo.

Lakini Wen hakutoka mle koridoni. Utasema, Wen asingeangalia chini mapema hivyo. Wen ana subira hapa. Wen angengoja. Mimi natambaa chini ya picha yake, na wewe unalitaja jina lake juu ya kichwa changu! Alikuwa akikupigia simu Jumapili, ukawa humfungulii kamera kwa sababu hukutaka akuone na kile kigari. Unaongea naye maneno matatu, unakata, halafu unakaa robo saa unaiangalia simu. Mimi nilikuogesha kila siku, nikakukata kucha, nikaweka viazi vyako vitamu kwenye mvuke jinsi unavyopenda, na hukuwahi kuniangalia kama ulivyokuwa ukiiangalia ile simu.

Wiki ya tisa nilifika kwenye kizingiti, nikaweka kiganja, na wewe hukusema "tena." Ulisema "vizuri." Nilibaki pale chini na machozi yananitoka, sikutaka kuinuka. Kisha ukaendelea, bila haraka, kama mtu anayetaja vitu vya kununua dukani: "Sasa iko salama. Barabara zikifunguliwa, utampa Wen. Ngoma haipiti kwenye simu. Na umwambie yeye ni bora kuliko nilivyokuwa mimi. Mimi siwezi kumwambia, nitalia."

Kumbe nilikuwa chombo tu. Ulikuwa unamwekea mwenzangu chakula ndani yangu.

Siku ile nilikuchana nywele kwa nguvu. Nadhani ulijua.

Wiki mbili baadaye gari la wagonjwa likakuchukua, hospitali hairuhusu mtu kuingia, siku ya tatu ukaondoka. Msibani watu kumi tu kisheria. Orodha aliiandika Wen, na mimi sikuwamo. Nani angemkumbuka dada wa kuogesha? Nilikuangalia kwenye simu, nimekaa kituoni Glenfield, barakoa usoni, sikio moja linasikiliza tangazo la treni. Nilimwona Wen amesimama mbele ya jeneza lako kwa ile shingo yake. Hata kulia, analia vizuri. Treni ikafika, nikapanda kwa sababu kuna mtu alikuwa ananisubiri nimwogeshe, na mtandao ukakatika kabla hawajakutoa.

Novemba akanitafuta. Akaja mwenyewe Campbelltown, tukakaa kwenye benchi pale karibu na kituo. Alikuwa amekonda. Aliniletea machungwa kwenye mfuko wa karatasi, akauliza mambo mawili. La kwanza: wanaandaa onyesho la kukukumbuka, ngoma yote ya mama yako, je, ulinionyesha chochote cha sehemu ya tano? La pili alilizungukia sana. Alisema miaka ishirini hukuwahi kumwambia amefanya vizuri, hata siku moja, na mwishoni ulikuwa unamkatia simu. Akauliza kama uliwahi kumtaja.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia Bibi alikuwa amechoka, hakuwa na maneno mengi.

Hapana ya ngoma, na hapana ya jina lake. Zilinitoka kwa urahisi, Bibi, hata sikupepesa macho. Akavaa tena barakoa yake ingawa tulikuwa nje, akalia ndani yake. Alisema basi, sehemu ya tano wataacha jukwaa tupu na taa zimewashwa. Alinishukuru kwa kukutunza. Na mimi, Mungu anisamehe, nilirudi nyumbani moyo mweupe, nikapika pilau, nikaimba jikoni. Nilikuwa na kitu ambacho Wen hana, na alikuwa na njaa nacho.

Furaha yangu haikumaliza wiki. Nikisujudu nakuona umekaa kwenye kigari chako unapiga paja. Nikamwambia Rajabu yote. Nilitaka anitetee, maana ameniona nilivyokuwa nikirudi nimechoka. Akauliza swali moja tu: "Hiyo amana ni ya nani?" Nikaendelea kukunja nguo. Akaniambia, "Mwanaidi, mpe mwenyewe, mke wangu. Huyo mama alikuamini wewe."

Nimekaa nalo mwezi mzima. Sitaki kukudanganya na wewe pia: bado namwonea wivu. Namwonea kwa ile miaka ishirini. Namwonea kwa sababu atakapoicheza watu watasimama wapige makofi, na mimi nitakuwa kiti cha nyuma. Na zaidi ya yote, namwonea kwa neno ulilomwachia, ambalo lazima lipite kwenye mdomo wangu likienda kwake.

Jana nimempigia. Nikamwambia nilisema uongo, mara mbili, na kwa nini. Nilisubiri anitukane. Akauliza tu aje lini. Nikasema Jumamosi. Neno lako sikumwambia kwenye simu, hilo nalo litasubiri uso kwa uso.

Lakini leo asubuhi, kabla ya zamu, nilishuka Toongabbie.

Nyumba yako imewekwa bango la kupangisha. Mapazia yametolewa. Nilisimama getini na sare yangu ya kazi. Kwetu hatumlilii maiti kwa makelele, kwa hiyo nilifunga mdomo kwa mkono wa kushoto, ambavyo ndivyo ulivyonifundisha hata hivyo. Nikavua viatu. Nikatoa pumzi, nikashuka, nikaja. Ile njia ya saruji si korido, Bibi, ina kokoto, na goti la kulia limechubuka. Nilisimama mara tatu. Ya tatu nilipogeuka, yule mama Mhindi wa jirani alikuwa ameshatoka mbio na glasi ya maji, akidhani nimeanguka. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia nimechelewa msibani.

Aliweka glasi chini, akasimama pale kwenye uzio mikono ameikunja, mpaka nikafika kwenye kizingiti chako na kuweka kiganja.

Pumzika, Bibi wangu. Nakuahidi Jumamosi nitampa Wen vyote: pumzi, magoti, mkono, na lile neno. Nitamwambia "tena" mpaka aombe maji, na hilo nitalifurahia, usinikataze. Ngoma ni yake, nimekubali. Ila waliokuzika kumi wote walikuja kwa miguu. Aliyekujia kwa magoti wa kwanza ni mimi.

Mwanaidi wako,
Campbelltown