Tulivyocheza Tena Mpira wa Pete

Jumatatu, 14 Juni 1976

Mazoezi tena. Nimerudi kiuno kinauma na roho nzito.

Bwana Stanslaus, katibu wetu wa michezo hapa Kasokola, zamani alifundisha mgambo. Sasa anatufundisha mpira wa pete vilevile. Kuruka kichurachura kwanza. Halafu mbio kuzunguka ghala la kijiji. Mpira wenyewe tunaushika jua limeshaanza kuzama. Leo Pelagia kateleza, Immaculata akacheka — tukaadhibiwa wote. Hapa hapachekwi, kasema. Anayetaka kucheka aende kilabuni.

Anataka tuwafunge Mpanda Mjini siku ya Saba Saba. Mshindi ndiye atakwenda Sumbawanga kucheza kwa niaba ya wilaya. Mwaka jana walitufunga kwa goli moja, na la kusawazisha nililikosa mimi. Pete wazi kabisa, hakuna wa kunizuia. Mpira ukagonga chuma, ukarudi. Tangu siku ile nikiushika mpira, mikono inakuwa ya mtu mwingine.

Alhamisi, 17 Juni

Nimekosa, nimekosa, nimekosa. Stanslaus kasimama kando, mikono mgongoni. Anatazama tu. Heri angefoka.

Nyumbani mume wangu Ponsian kanikuta napukuchua mahindi, sisemi na mtu. Kaniambia, Mama Kalisti, zamani ulikuwa unarudi uwanjani unaimba, nasikia sauti kabla sijakuona. Siku hizi unarudi umenuna, na ugali nao unanuna. Sasa huo ni mpira au ni kifungo?

Niliendelea kupukuchua. Ila ni kweli.

Jumapili, 20 Juni

Baada ya misa, Immaculata katangaza anaacha. Nahodha mwenyewe! Kasema kazi anayo shambani, hakuja uwanjani kutafuta nyingine. Wengine wakaitikia kwa kichwa. Bila yeye hakuna timu. Pelagia kalia pale pale nje ya kanisa.

Mimi nimefurahi. Niliona kama nimetua mzigo. Halafu jioni nikapita uwanjani, nikaona zile nguzo mbili zimesimama zenyewe, nikakosa raha.

Jumanne, 22 Juni

Niandike haraka kabla mtoto hajaamka.

Stanslaus kaenda Mpanda mkutanoni. Mimi na Pelagia na wachache tukaenda kukusanya vitu vya timu turudishe ofisini. Mpira tukaukuta umetobolewa na mwiba. Tukakaa chini tunautazama kama mgonjwa.

Akatokea Prisila. Ni Msukuma, wamehamia na ng'ombe wao mwaka huu, wamejenga kule ng'ambo ya mto. Mrefu sana. Kasema ametuona siku nyingi tunakimbia, akadhani tumehukumiwa. Je, ni mchezo? Anaweza kufundishwa?

Mpira hakuna. Akavua kilemba chake, Pelagia akaongeza matambara, tukafunga kwa kamba ya katani. Tukaanza. Prisila akaudaka, akakimbia nao uwanja mzima mpaka kwenye nguzo. Tukapiga kelele, hairuhusiwi, ukiupata simama! Akashangaa. Kasema, nimehangaika kuupata, sasa nisimame nao kama mti?

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Immaculata alikuwa anapita na kuni kichwani. Akatua mzigo. Akaingia, akataka pasi.

Mimi nilirusha huku bado nacheka, wala sikupima. Ukaingia. Nikarusha tena. Ukaingia.

Nikakumbuka tulivyokuwa tukicheza shuleni, misheni. Sista alikuwa anapiga kengele ya chakula, sisi hatusikii. Hakuna aliyejua nani kashinda. Tunauita mchezo. Tulikuwa tumelisahau neno lenyewe.

Ijumaa, 25 Juni

Stanslaus karudi; mpira tuliouacha ofisini kauziba, kauleta. Kakuta tuko uwanjani, kelele tupu. Akapuliza kipenga. Immaculata akamfuata, tukasogea nyuma yake.

"Bwana katibu, mazoezi tutafanya. Kukimbia tutakimbia. Lakini tutacheka. Kama hutaki, vaeni hizi sketi mcheze nyie wanaume."

Nilidhani atatufukuza.

"Na mkifungwa?" akauliza.

"Mwaka jana tulifungwa tukiwa tunaogopa. Mwaka huu tukifungwa, tutakuwa tumecheza."

Kakitazama kipenga chake. Kakitia mfukoni. Basi nionyesheni, kasema.

Tukamwonyesha. Prisila alipompiga chenga Pelagia, na Pelagia akadaka hewa, nilimwona Stanslaus kageukia ghala. Mabega yanatikisika.

Jumatano, 7 Julai — Saba Saba

Tumeshinda. Naandika tena: tumeshinda.

Wenzetu wa mjini walikuja na viatu vya turubai na blauzi za rangi moja. Sisi miguu mitupu. Walianza kutufunga mapema, watu wakaanza kuguna. Immaculata akatukusanya, akauliza, mnaonaje, utamu upo? Tukasema upo. Basi rudini.

Tukawafikia. Tukalingana. Refa anatazama saa yake. Immaculata akanipa mpira chini ya pete — nguzo ile ile ya mwaka jana. Mbele yangu dada mmoja kanyoosha mikono kama paa la nyumba. Nikasimama na mpira mkononi. Ndipo nikamsikia Prisila nyuma yangu:

"Mama Kalisti, usisimame nao kama mti!"

Nikacheka. Mbele ya mkuu wa wilaya na watu wote wale. Yule dada akashangaa, na mimi nikarusha.

Haukugusa hata chuma.

Ponsian aliingia uwanjani na Kalisti mabegani, anaimba vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Stanslaus kanishika mkono, akautikisa mpaka ukauma.

Ijumaa, 16 Julai

Njiani kwenda Sumbawanga. Lori limekufa tumeshapita Sitalike, porini. Dereva, Bwana Lyamba, yuko chini ya injini. Katukataza kwenda mbali, kuna nyati. Mbung'o wanatula. Mechi ni kesho asubuhi.

Stanslaus alianza kutembea mbele na nyuma, mikono mgongoni. Immaculata akautupa mpira chini kutoka kwenye lori, akaruka. Wote tukaruka. Pete hatuna. Prisila akashusha pipa tupu la mafuta, akaliviringisha katikati ya barabara: Bwana katibu, panda.

Akapanda! Mikono kaiviringa juu ya kichwa, yeye ndiye pete. Goli la kwanza lilimpiga kwenye paji la uso. Akacheka kwa sauti, mdomo wazi, mpaka pipa likayumba.

Mimi nimekaa kidogo kando, nimeishiwa pumzi, naandika.

Injini imewaka. Lyamba anapiga honi. Hakuna anayepanda. Stanslaus juu ya pipa anampigia kelele angoje, goli moja tu, tunakuja. Hilo moja keshaliomba mara kadhaa. Lyamba kashuka, kafunga mlango, anakunja mikono ya shati — anauliza yeye awe upande gani. Wananiita. Prisila kaudaka, anakimbia nao tena, na Stanslaus wala hapulizi kipenga. Naenda.