Nilimwambia Nimening'inia, na Sikuning'inia

Bi Mwanahawa, shikamoo. Kama nimekuzidi umri ipokee tu, maana anayeomba ndiye mdogo. Mimi ni fundi wa mikanda ya ngozi hapa Kanyenye, Tabora, si mikanda ya kuvalia suruali kwenda harusini, ni mikanda mizito, ya kufungia mizigo, ya ng'ombe wa kulimia, na ile ya kupandia miti ambayo warina asali wa Sikonge huizungusha kiunoni na kwenye shina ndipo wapande, na kazi hii aliianza babu yake baba yangu akiwashonea wapagazi wa misafara iliyokuwa ikipita hapa kwenda Ujiji, akatuachia muhuri wa unyayo tunaoupiga kwa ndani karibu na bizimu, akatuachia na sharti moja, kwamba anayeshona ndiye anayening'inia kwanza, yaani mkanda wa kupandia hautoki kibandani mpaka fundi mwenyewe ajifunge nao kwenye boriti, miguu iache ardhi, akae hapo mpaka jasho limtoke. Baba yangu alining'inia mpaka mwaka aliokufa.

Mwezi wa Ramadhani alikuja Octavian, mrina asali wa Sikonge, rafiki yangu wa miaka mingi, hata nta ninayopaka uzi wangu yeye ndiye aliyekuwa akiniletea, akataka mkanda mpya kabla ya msimu, na mimi ngozi ya mgongo ilikuwa imeniishia, mzigo wangu kutoka Ziba umekwama kwa mvua, nimebaki na ngozi ya tumbo, na ngozi ya tumbo kila fundi anaijua, ni laini, inavutika, hata ukiipaka mafuta ikang'aa ni ya kushonea pochi, si ya kubeba mtu. Nikaikata. Nilitoa mikanda miwili, mmoja wa Octavian na wa pili akauchukua mtu wa Urambo aliyekuwa akipita tu, nikaishona mishono mizuri kuliko yote niliyowahi kushona, kwa sababu moyo wangu ulikuwa unajua. Octavian alipokuja kuuchukua aliuliza kama wanavyouliza wote, "Umening'inia, fundi?" Ilikuwa alasiri, nimefunga, kiuno kinaniuma, nikamjibu, "Nimening'inia." Akacheka, akasema, "Basi na mimi nafuata."

Mwezi wa sita mkanda ulikatika akiwa juu ya mti wa muyombo, mzinga mkononi. Walimkuta chini na nyuki juu yake, hakufika hospitali.

Nilikwenda mazikoni Bi Mwanahawa, nikabeba udongo kama wengine, na baada ya maziko wazee wa ukoo wakaniita pembeni, kumbe palikuwa na maneno, kwamba asubuhi ile Bibi Minza, shangazi yake aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alimshika mkono mlangoni akamwambia, "Mwanangu, leo usipande, nafsi yangu haitaki," na sasa wanasema alijuaje, na macho yake ni mekundu, na hana mtoto wa kumzaa. Mzee mmoja akaniuliza, "Fundi, hebu tuambie wewe, mkanda wako huu unaweza kukatika hivi hivi?" Nami nikaona muhuri wa baba yangu pale mkononi mwake, watu wote wananitazama, nikasema, "Mkanda wa kwetu haujawahi kumwangusha mtu." Wakatazamana. Ndipo nikaelewa nimesema nini, lakini lilikuwa limeshatoka. Siku ya pili walitoa vyombo vya Bibi Minza nje, sasa anahifadhiwa kwa katekista, hatoki hata kwenda kisimani.

Juzi Tobias, mdogo wake Octavian, ameniletea mkanda ule ule niushone. Jumamosi wanamaliza msiba, watamkabidhi vitu vya kaka yake, kisu, kinu cha moshi cha kufukuzia nyuki na mkanda, na siku hiyo hiyo ukoo utakaa kuamua habari ya Bibi Minza, na ninaogopa Bi Mwanahawa, ninaogopa sana, maana huku kwetu maamuzi ya namna hiyo yameshawahi kuishia kwa panga. Nimewaza nitengeneze mkanda mpya kabisa wa ngozi ya mgongo, nitie bizimu lile la zamani, nimpe Tobias kimya kimya, angalau yeye asianguke, na bibi niwe namtumia unga. Nikisema ukweli kibanda kimekufa, jina la wazee wangu limekufa, labda na polisi. Mkanda uko hapa mbele yangu, nimeshika msharasi tangu asubuhi na sijatoboa hata tundu moja. Naomba unishauri, je hilo la mkanda mpya halitoshi?

Fundi wa mikanda, Kanyenye

---

Halitoshi.

Marahaba, fundi. Barua yako imenifikia Jumatatu, nimeirusha mbele ya barua za wake wenza na wapangaji wasumbufu, kwa sababu hao wanaweza kusubiri na Bibi Minza hawezi. Gazeti linatoka Jumatano. Hesabu mwenyewe.

Nimekusikitikia, sitasema uongo. Nimeyasoma yale maneno ya rafiki yako, "basi na mimi nafuata," nikaiweka barua chini, nikatoka nje kidogo. Umempoteza mtu aliyekuamini na huwezi hata kumlilia sawasawa, maana kila chozi lako lina siri ndani yake. Hilo ni zito. Lakini usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa na habari ya funga na kiuno. Wanaofunga ni wengi na hawajamwambia mtu uongo kuhusu uhai wake. Kiuno kilikuuma? Ungemwambia, "Octavian, sijaning'inia, njoo kesho." Maneno manne au matano. Angekuja kesho.

Na huo mpango wako wa mkanda mpya, umeupima mpaka mwisho? Tobias ataupanda muyombo, mkanda utamshika vizuri, atashuka na asali yake, na kijiji kizima kitasema: mnaona? Mkanda ule ule wa fundi, haukatiki. Basi aliyemwua Octavian ni yule mwanamke. Kila siku Tobias atakayoshuka salama itakuwa ushahidi mpya juu ya bibi. Wewe unamtumia unga, na kazi ya mikono yako inamshitaki. Hukuona hilo kwa sababu hukutaka kuliona.

Alijuaje, wanauliza! Alijua kama anavyojua mama yeyote aliyeona umande asubuhi na mtoto wake anakwenda kupanda mti. Macho mekundu ni ya moshi wa kuni za miaka sitini, zilizompikia huyo huyo Octavian. Wewe ulikuwa mtu pekee pale mazikoni uliyejua, na ulilichagua jina la mfu kuliko shingo ya mtu aliye hai. Babu yako hakuacha muhuri, fundi. Aliacha sharti. Muhuri bila sharti ni alama tu ya kuchezea.

Sasa sikiliza. Usiushone huo mkanda. Usiuguse kabisa, ubaki ulivyokatika, na chukua kipande cha ngozi ile ile kilichobaki kibandani na kipande cha ngozi ya mgongo. Alhamisi asubuhi panda gari. Usiende peke yako na usianzie kwa ukoo, watu wenye msiba wana hasira. Anzia ofisi ya kijiji, umkute mtendaji, umweleze yote, umwombe aende nawe pamoja na yule katekista, na bibi awekewe ulinzi kuanzia hapo, si Jumamosi. Kisha mbele ya wazee wale wale waliokuuliza, wape vile vipande viwili wavute kwa mikono yao. Wakiona cha tumbo kinavyovutika na kupasuka hawatahitaji hotuba. Useme, "Mkanda ulikatika hivi hivi. Mimi ndiye niliyeushona, na sikuning'inia." Polisi wakikuuliza, wajibu hivyo hivyo. Kibanda kinaweza kufa. Mimi siwezi kukuahidi kwamba hakitakufa.

Kuna jambo jingine umelitaja katikati ya barua ukalipita mbio, nami nimelisoma mara tatu nisiamini. Mikanda miwili, fundi! Huyo mtu wa Urambo anatafutwa na nani? Msimu haujaisha. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma, nenda redioni ukatangaze. Mimi naanza hapa hapa: wewe uliyenunua mkanda wa kupandia Kanyenye mwezi wa Ramadhani, ugeuze, utazame kwa ndani karibu na bizimu. Ukiona unyayo, usipande nao. Ukimjua mwenye nao, mpigie simu sasa.

Utaona nimelificha jina lako lakini sikuuficha muhuri wako. Usinilaumu. Mficha uchi hazai, na ningeuficha huo ningekuwa nimeshona nawe. Huko Sikonge gazeti hili linasomwa, hufika Alhamisi jioni, kwa hiyo afadhali ufike kabla yake.

La mwisho. Ukishasema na wazee, omba upelekwe kwa Bibi Minza. Usimpelekee unga wala kanga, usimbebeshe zawadi. Kaa chini, umpe shikamoo, kisha ungoje. Huenda asiitikie. Amekaa siku nyingi bila mtu wa kumwamkia. Asipoitikia, usiondoke na usirudie. Mwambie yote hivyo hivyo, bila marahaba yake.

Bi Mwanahawa