Makaratasi Chini ya Ubao

Jumatatu, 3 Februari
Nimefagia maabara, nimejaza mitungi ya maji. Ubao mrefu wa kuendeshea troli, kile kigari cha majaribio, nimeufuta pia. Chini ya ncha moja palikuwa na vipande vya karatasi ngumu. Uchafu. Nikatupa. Nilitaka mwalimu mpya wa fizikia, Bi. Mehta, akute pasafi. Wafula, marehemu mume wangu, alitunza maabara hii miaka kumi na mitatu. Sasa naitunza mimi, na koti lake jeupe bado linanizidi mabega.

Jumatano, 5 Februari
Aibu. Bi. Mehta alisukuma troli mbele ya Kidato cha Tatu. Troli huvuta utepe wa karatasi, na mashine huugonga nukta kila baada ya muda uleule. Mwendo usipobadilika, nafasi kati ya nukta huwa sawa. Leo nukta zilikaribiana, troli ikasimama katikati.
"Mama Lab, hii gari haijakunywa chai?" Otieno akauliza. Darasa likacheka. Nami kidogo.
Bi. Mehta akaweka pimamaji. Ubao umelala sawa kabisa. Amesema Ijumaa ikishindikana, troli iende stoo, watoto watazame video.
Ubao uko sawa. Kwa nini troli inachoka?

Alhamisi, 6 Februari
Nimejua nikifungua dirisha. Magurudumu husuguana, mwendo hupungua. Yale makaratasi yaliinua ubao kiasi cha kurudisha kilichopungua. Ni Wafula aliyeyaweka. Nimetupa kipimo chake kwa mkono wangu. Nililia stoo.
Kisha nikakata boksi la chaki. Vipande vitatu: nukta zinakaribiana. Vinane: zinaachana, troli inakimbia. Sita: bado inakimbia. Nilisahau kula. Vitano na bahasha moja: sawa, rula inasema hivyo.
Hakuwahi kuniambia. Sikuwahi kuuliza.

Ijumaa, 7 Februari
Nilimwambia Bi. Mehta kwamba mimi ndiye niliyeharibu. Akainama, akachungulia.
"Kumbe. Hii niliisoma tu kitabuni, Mama."
Nukta zilipangana kama mshono wa cherehani. Baadaye tukaning'iniza jiwe la mizani ukingoni, livute troli kwa uzi. Kila nafasi ikaizidi iliyotangulia kwa kiasi kilekile. Otieno alipima, hakuamini, akapima tena.
Troli inabaki.

Jumapili, 9 Februari
Nimetoka kanisani. Mtaani Jamhuri kumetulia. Juzi msichana mmoja aliuliza: ubao ungefika hadi Ngong Road, nukta za mwisho zingeachana kiasi gani? Bi. Mehta akanitazama mimi. Nililiandika swali. Sasa najumlisha kwa penseli, nafasi moja baada ya nyingine. Nimefika ya ishirini. Utepe wa urefu huo, hata meza yangu ya jikoni haiutoshi.