Radi wa Kishanda Alianguka Mara Moja

Jumatatu, 2 Juni

Hadithi ya tisa ya Baba nimemaliza kuichapa. Mgongo unauma. Chai imepoa. Nafanyia kazi mezani kwa Baba, hapa Kitendaguro, madirisha wazi, kwa sababu majarida yaliyokuwa yakitoa vituko vyake bado yananuka tumbaku. Miaka sita yuko kaburini na tumbaku haijaondoka.

Zimebaki tatu. Hadithi zote ni za bondia mmoja, Radi wa Kishanda, na zinaanza vilevile. Radi anapanda ulingoni, anatoa majigambo yake, kwetu tunaita ebyebugo. Baba aliyaandika kwa Kihaya, na Kiswahili chini yake: "Mimi radi nisiyengoja mvua! Nilikohoa Kishanda, migomba ya Kagondo ikainama! Nilimpiga fahali, akasahau njia ya kwao!" Kisha kengele inalia na Radi anaanguka. Katika hii ya leo alikuwa anainama kumwamkia mama mkwe wake kwenye viti vya mbele. Ngumi ikamkuta katikati ya heshima.

Nimecheka mpaka machozi. Halafu nikasikia kicheko cha Baba nyuma ya kiti. Kifupi, cha puani, kama alivyokuwa akicheka kabla hajaandika kituko. Mimi ni mwalimu mstaafu, siamini mizimu. Lakini sikugeuka.

Kitabu cha hadithi zake lazima kitoke. Nikifa mimi, nani atajua kwamba mzee huyu aliwahi kuchekesha nchi?

Jumatano, 4 Juni

Mjini, dukani kwa Hamida, anayenichapia na kubana kurasa. Alikuwa anasoma na kujifuta macho kwa mtandio. Mteja mmoja, mama wa makamo, akachungulia karatasi.

"Kumbe mmemwandika Mzee Kaijage! Huyu wa kwetu Kishanda. Mpaka leo watoto wanamwita Radi."

Yupo. Yu hai. Mimi nilidhani Baba alimbuni.

Nimerudi nyumbani bila kununua sukari niliyoifuata.

Alhamisi, 5 Juni

Hadithi ya kumi na mbili haikuwahi kutoka. Ni mwandiko wa Baba mwenyewe, penseli, ukurasa mmoja uliokunjwa ndani ya jarida. Haina kituko hata kimoja. Radi anasimama kwenye harusi, fimbo mkononi, anafungua kinywa. Mstari wa mwisho: "Wala hakuna aliyecheka, kwa sababu"

Basi. Baada ya hapo Baba hakuandika tena, hata barua ya mjumbe alikuwa anamwomba Mama aandike. Tulidhani amechoka.

Kicheko leo kimekuja mara mbili. Naogopa kukaa kwenye kile kiti.

Jumamosi, 7 Juni

Basi hadi Muleba, bodaboda hadi Kishanda. Kahawa imeanikwa kwenye kila uwanja.

Mzee Kaijage amepita themanini. Mabega bado mapana. Nilipiga magoti nikamwamkia, nikajitaja mimi ni binti wa nani. Akaendelea kugeuza kahawa yake juani. Mjukuu wake, Editha, alileta kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ya mgeni. Mzee akamwonyesha kwa mkono airudishe ndani. Sijawahi kunyimwa kahawa katika nyumba ya Mhaya.

Nikamwambia naweza kubadilisha jina.

"Jina libaki," akasema. "Mwana wange, mimi nilianguka mara moja tu, Bukoba, na nikainuka. Baba yako akaniangusha mara kumi na moja. Hilo nalo nilimsamehe. Ngumi ni ngumi. Lakini alichukua ebyebugo vyangu."

Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti. Walikuwa marafiki. Baba alikaa naye jioni nyingi akiyaandika yale maneno, akisema ni ya kuhifadhi. Kwenye harusi ya binti yake, mama yake Editha, Mzee alisimama kujigamba kama baba yeyote. Alipotamka neno la kwanza tu, ukumbi mzima ukamalizia mstari kwa vicheko. Walikuwa wameusoma jaridani. Akakaa. Hajasimama tena katika karamu yoyote.

"Baba yako alikuwepo siku hiyo," akasema. "Hakucheka. Lakini hakusimama."

Jumapili, 8 Juni

Misa sikuisikia. Nina hasira na Mzee Kaijage, na najua si haki. Baba yangu afe mara ya pili kwa sababu ya aibu ya zamani namna hii? Watu wangapi Kishanda watanunua kitabu?

Nimempigia Hamida. Nimemwambia achape.

Jumatano, 11 Juni

Vitabu tayari. Arobaini. Nilipofika Hamida alikuwa akiwasomea wateja yale majigambo, mkono kiunoni, duka zima linacheka. Na ndani ya vicheko vyao nilikisikia kile cha puani, wazi kabisa. Safari hii nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Simu ikaita. Editha, niliyemwachia namba kule Kishanda. Anaolewa, anaagwa Jumamosi.

"Shangazi, Babu amesema atasimama. Ameapa. Njoo, lakini nakuomba, kitabu kisifike kabla yake."

Nimebeba boksi lote nyumbani kwa bodaboda. Hamida kanishangaa. Mimi pia najishangaa. Najionea haya.

Jumamosi, 14 Juni

Kishanda, turubai kwenye kibanja, katikati ya migomba. Editha amenikalisha safu ya mbele.

Mshereheshaji akatangaza, "Sasa Babu yetu, Radi!" Vicheko vikaanza hata kabla hajashika fimbo. Akasimama. Akanyanyua fimbo. Mstari wa kwanza ulitoka kwa sauti iliyoamsha kuku.

Halafu kimya.

Alikuwa amesahau majigambo yake. Miaka yote ile bila kuyatamka. Nilimwona akiyatafuta, midomo inacheza, na fimbo ikaanza kushuka. Mtu nyuma akapiga kelele, "Radi keshapigwa!" Turubai likacheka.

Mimi nilikuwa nayo. Nimeyachapa mara kumi na moja.

Sikufikiri. Nilisimama nikautamka mstari wa pili, kwa Kihaya, taratibu, kama namsomea mwanafunzi imla. Mzee akanigeukia. Nilidhani atanipiga kwa fimbo. Akaurudia. Nikampa wa tatu. Akaurudia kwa nguvu zaidi. Wa nne aliuchukua mwenyewe, wa tano, wa sita, na baada ya hapo akaingia kwenye mistari nisiyoijua. Mingi. Ya mama yake, ya njaa, ya ile siku aliyoanguka Bukoba na alivyoinuka. Baba hakuwa nayo hiyo. Au alikuwa nayo, akaiacha kwa kuwa haichekeshi.

Hakuna aliyecheka. Wanaume wazima walisimama.

Alipokaa, akachukua kikapu mwenyewe, akaja nacho hadi kwangu. Nikapokea kahawa kwa mikono miwili.

Jumapili, 15 Juni

Mvua ndogo asubuhi. Nimefagia uwanja.

Boksi liko chini ya kitanda. Hamida anauliza vitabu vitauzwa lini. Nimemwambia mwenye uamuzi ni Mzee Kaijage. Wiki ijayo nitaenda kumsomea hadithi zote, ya kwanza hadi ya mwisho, na akikataa basi.

Sentensi ya Baba, ile iliyokatika, sikuimalizia. Nimeirudisha ndani ya jarida ilimokuwa.

Mchana nimekaa kwenye kiti chake, nimefunga madirisha. Nilikuwa na punje mbili za kahawa ya jana. Nimetafuna moja nikasubiri kicheko. Nimesubiri mpaka punje ikaisha mdomoni. Hakikuja.

Nimelia kidogo. Nilikuwa nimeshakizoea.