Tunapumua Pale Pale

Jumapili, 2 Machi

Mimi na wifi! Malkia ametupanga mimi na wifi!

Niandike taratibu. Leo makocha wa shindano la kuimba wametangaza jozi za raundi ya Ana kwa Ana. Wawili wa timu moja wanapanda jukwaani, wanaimba wimbo mmoja, kocha wao anachagua mmoja. Mwingine anarudi nyumbani. Na safari hii hakuna kuokolewa na kocha mwingine, timu zao zimeshajaa. Timu ya kocha wetu Malkia tuko kumi na wawili. Kumi na wawili! Angeweza kunipa yule dereva wa teksi anayeimbia puani. Akanipa mke wa kaka yangu, ninayeishi naye nyumba moja, tunaogea bafu moja.

Na hebu tukumbuke nani alimleta. Mimi! Siku ya usaili nilimwomba anisindikize, anishikie mkoba na chupa ya maji. Yule dada wa kuandikisha akamtazama, akasema na wewe umepanga foleni yote hii bure? Jaza fomu. Akajaza. Nilipoimba mimi, viti viwili vya makocha viligeuka. Alipoimba yeye, vitatu. Akaulizwa anamchagua kocha gani. Akasema, "Alikokwenda wifi yangu." Ukumbi mzima ukacheka na kupiga makofi. Mimi niko nyuma ya pazia, nimeshika mikoba miwili.

Simchukii. Niandike hilo pia. Ni mtoto wa watu, mpole, anafundisha chekechea, hata nzi anamfukuza kwa adabu. Lakini ana miaka ishirini na sita. Mimi nina thelathini na tisa, nimeachika, nimerudi kulala chumba cha watoto nyumbani kwa kaka. Yeye atajaribu tena mwakani, na mwaka mwingine. Mimi sitarudi kwenye foleni ile. Ni sasa au basi.

Kaka tulipomwambia aliguna. Kisha akasema mafahali wawili ndani ya zizi langu, na nyasi ni mimi. Amechanganya methali mbili kama kawaida yake. Hakuna aliyecheka.

Jumanne, 4 Machi

Dukani mteja mmoja alijaribu fremu saba za miwani, kisha akanikodolea macho kwenye kioo. "Wewe si yule wa kwenye tivii? Yule wa wifi yake?"

Wa wifi yake! Ndilo jina langu sasa. Nikamuuzia fremu iliyomkaa vibaya kuliko zote. Mungu anisamehe.

Jioni mazoezi ya kwanza. Malkia kwa karibu ni mdogo wa umbo kuliko kwenye tivii, na hakai. Anatembea peku chumba kizima, mkono kiunoni, anasikiliza akiwa ametupa mgongo. Ametupa wimbo wake mwenyewe wa zamani, ule wa mwanamke aliyeachwa anayerudi kudai jina lake. (Asante sana, Malkia. Wimbo wa walioachwa, wanipe mimi.) Beti tunagawana. Lakini kuna mstari mmoja wa mwisho tunaimba pamoja, mimi sauti ya kwanza, wifi ya pili:

*Nirudishie jina langu nililoliacha mlangoni kwako siku ile ya mvua.*

Malkia akasema mstari huo ndio wimbo, mengine yote ni mapambo. Anautaka kwa pumzi moja, polepole, hadi "mvua", na hiyo "mvua" ivutwe mpaka ngoma iipokee. Asiyeweza apumue baada ya "mlangoni kwako". Si dhambi. Ila masikio yangu, akasema, yatakuwa wazi.

Hapo nikajua. Atachagua kwa mstari huo.

Alhamisi, 6 Machi

Kuna jambo ninalolijua kuhusu wifi ambalo hata kaka halijui.

Hajui kupumua mwenyewe. Kwenye kuimba, nasema. Miaka minne tumesimama bega kwa bega kwenye kwaya na sijawahi kumsikia akianza mstari. Anangoja. Bega langu likipanda, lake linapanda. Nikivuta pumzi, anavuta. Siku moja mwalimu wa kwaya alimsogeza upande wa pili, akapotea kama kuku mgeni. Akarudishwa kwangu, ikawa heri. Nadhani hajijui. Sijawahi kumwambia, ningemwambiaje? Na nilipenda, kusema kweli. Ni raha mtu kukuegemea kiasi hicho.

Leo tulikuwa tunaosha vyombo, mimi nasugua yeye anasuuza. Akauliza, "Wifi, ule mstari mrefu tunapumua wapi?"

Nikamwambia pale pale. Baada ya "mlangoni kwako".

"Sawa, wifi."

Lakini mchana dukani, wateja walipokatika, nilikuwa nang'arisha lenzi mbele ya vioo vyote vile, nikauimba wote. Pumzi moja. Nikafika kwenye "mvua", nikaivuta, na bado nilikuwa na akiba.

Hilo sikumwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya.

Mazoezi na bendi nzima, Malkia kashika kikombe chake cha maji ya moto. Beti zimekwenda vizuri, hata vizuri mno. Tukafika kwenye mstari. "...nililoliacha mlangoni kwako..." na pale pale tulipokubaliana mimi sikupumua. Nikapita. Nilimhisi ubavuni kwangu akingoja bega langu. Halikupanda. Sauti yake ikaning'inia kidogo, ikakatika. Kimya upande wake. Mimi nikaenda zangu hadi "mvua", nikaivuta, ngoma ikaipokea, mpiga kinanda akasema aah!

Malkia aligeuka. Akamwambia wifi, mwenzako amefika, wewe umebaki njiani. Kwa upole tu, lakini mbele ya bendi nzima.

Niliona raha. Niandike kweli, hapa hasomi mtu. Raha kabisa, moto kifuani.

Halafu tukiwa kwenye ngazi wifi akanishika mkono. Macho mekundu. "Nisamehe wifi, nimekuharibia."

Nimekuharibia! Ningependa anitukane. Ningependa aniite nyoka. Nikamwambia usijali, ndiyo mazoezi.

Sijala jioni. Nilisema kichwa kinauma.

Jumapili, 9 Machi

Kaka ameuliza kama tumekula kiapo cha ububu. Akasema yeye ni fundi wa lifti, kazi yake kupandisha watu na kuwashusha, lakini hii ya kwetu imekwama katikati ya ghorofa na hana bisibisi yake. Wifi alicheka kidogo. Mimi nilienda kufua.

Kwenye kwaya amesimama mwisho kabisa wa mstari, mbali nami. Hakupotea. Lakini nyimbo za leo zilikuwa nyepesi, mtu yeyote angeziimba.

Tangu jana anakaa sana bafuni. Maji yanachuruzika, yeye kimya. Nadhani analia humo ndani ili kaka asimwone. Ni mimi nimemliza.

Jumatano, 12 Machi

Leo wametuhoji kwa ajili ya tangazo la tivii la raundi ya Jumamosi. Mtayarishaji ana ndevu zilizochongwa na tabasamu la muuza magodoro. Anataka ugomvi. Mnagombania jiko? Mama mkwe alimpenda nani zaidi? Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru huyu ana kamera tatu.

Nikajibu kwa mkato. Akamgeukia wifi. "Nani ataondoka Jumamosi?"

Wifi akatazama viatu vyake. Akasema yeye hakujua kama ana sauti mpaka alipoolewa. Nyumbani kwao hakuna aliyeimba. Alipofika kwetu alinisikia naimba nikipiga pasi, akawa anasimama mlangoni kusikiliza. "Wifi ndiye alinifundisha. Nikiondoka mimi, ni sawa."

Mtayarishaji alikunja uso. Hakuna ugomvi humo. Mimi nikaomba kwenda chooni, nikakaa juu ya kifuniko cha choo mpaka waliponigongea.

Jioni kaka alinikuta ngazini. Akakaa kidato cha chini yangu, nguo za kazi, mikono ina grisi. Hakunitazama. Akasema, "Dada, siombi fulani ashinde. Naomba mrudi hapa wote wawili mnasemeshana."

Nikamwambia sawa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamua. Kesho nitapumua pale pale.

Nikipita, ataanguka. Safari hii si mbele ya bendi, ni laivu, nchi nzima. Wanafunzi wake wa chekechea watakuwa wameketi sakafuni mbele ya tivii wanamsubiri mwalimu. Siwezi. Nikipumua naye, tutakuwa sawa, na Malkia atachagua kwa mengine. Kwenye mengine bado namshinda. Nadhani namshinda. Sauti yangu imekomaa, yake bado ina maziwa.

Nikishinda, nishinde kwa haki. Nikishindwa, basi.

Ajabu, nimelala mchana usingizi mzito, nimeamka nina njaa.

Jumamosi, 15 Machi

Chumba cha kupambwa. Wametuvisha yeye bluu, mimi nyekundu, kama timu mbili za mpira. Joto la taa, harufu ya nywele zilizoungua. Mwalimu wa watu anatetemeka mpaka hereni zinalia.

Nimeshamwambia. Nilimshika mikono yote miwili, nikamtazama usoni. Wifi, leo tunapumua pale pale, baada ya "mlangoni kwako". Nakuahidi.

Akanitazama kidogo. Akatabasamu. "Sawa, wifi."

Nimefurahi! Nafsi nyepesi. Wanatuita.

Tumeshaimba. Tuko kwenye benchi nyuma ya pazia, ni matangazo, Malkia yuko kule mbele anafikiri. Niandike, la sivyo nitapiga kelele.

Beti ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri sana, niliona mwanamke mmoja mstari wa mbele anafuta macho, na beti hiyo ni yangu. Tukafika. "...jina langu nililoliacha mlangoni kwako..." Nikapumua. Nilipandisha bega makusudi, juu kabisa, ili ahisi.

Lake halikupanda.

Alipita! Alipita peke yake, na sauti ya pili, sauti ya kuegemea, ikabaki imesimama katikati ya ukumbi bila mtu pembeni. "Siku ile ya..." Mimi nikadandia "mvua" nikiwa nimechelewa, kama mtu anayekimbilia lifti na mlango unafunga. Aliivuta. Ngoma ilipokuja alikuwa bado anayo. Watu wote wakasimama. Kaka alisimama pia, akapiga makofi akiangalia dari.

Malkia alikuwa amefumba macho. Alipofumbua alinitazama mimi kwanza. Kwa huruma. Afadhali angenifokea. Nilijua anachosema moyoni, huyu mkubwa pumzi imemwishia. Na nchi nzima inasema hivyo hivyo.

Mimi! Mimi niliyefika na akiba mbele ya vioo vya duka!

Tulipokaa hapa wifi alinigeukia, bado anahema. Hakuwa na furaha usoni, alikuwa na hofu. "Wifi, mbona ulipumua?"

Nikasema tulikubaliana.

"Lakini ulisema hivyo hivyo na ile mara ya kwanza, halafu ukapita. Nikajua unanihurumia tu, hutaki nijione mzigo." Akasema wiki nzima amekuwa akijizoeza bafuni, uso ndani ya beseni la maji, anabana pumzi, kaka akimshikia taulo. "Ili nisikuharibie tena."

Kabla sijajibu wakamwita kurekebishiwa waya wa maikrofoni. Ndipo nimechukua kalamu.

Sijui. Macho yale ni ya mtoto. Au nimezoea tu kumwona mtoto? Ningekuwa na pa kushtaki, ningeshtaki nini? Kwamba hakupumua? Tenda wema nenda zako, wanasema. Zangu ni wapi? Chumba cha watoto.

Anarudi. Amekaa, amenishika mkono wa kushoto, anauliza tena, taratibu, kama anavyowauliza wale watoto wake wa chekechea wakijikojolea. Wifi, ulikosea? Au ulitaka kunisubiri?

Nikisema nilikosea, ndiyo mwisho wangu, na ni uongo. Nikisema nilikuwa namsubiri, ataniuliza kwa nini ile Jumamosi sikumsubiri. Kaka amechungulia kwenye pazia, amenyoosha dole gumba, sijui kwa nani. Dada wa maikrofoni anatuonyesha vidole vitano. Vinne. Wifi hajaniachia mkono, bado ananitazama mdomoni, na mimi nimeshavuta pumzi ya kusema...