Kabla ya Kufika Nukta

Nyumba ya Bi Swabaha,
Kibokoni,
Mombasa.

Jumapili, 16 Februari 2025

Mpendwa Khalati Badria,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, khalati yangu. U hali gani huko Maskati? Na lile goti la kushoto, bado linakusumbua kwenye ngazi? Presha unaipima, ama mpaka Jihan akugombeze? Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakula, anaswali ameketi, na maneno yake yote yako mahali pake. Macho ndiyo yameisha. Mtoto wa jicho amemfunika pande zote mbili, sasa anaona mwanga na vivuli tu. Joto la mwaka huu usiniulize.

Tende ulizotutumia zimefika salama. Tumegawa nusu kwa majirani, nusu tumeiweka ya kufuturia, maana Ramadhani imebakiza wiki mbili. Mwenyezi Mungu akuzidishie.

Sasa nije kwenye lililokuliza. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na kilio chako nimekisikia. Umeniuliza kwa nini nimemwaibisha mwanao Aidarus mbele za watu, na umeniomba nimsamehe kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji. Ningeweza kukujibu kwa sauti vilevile, lakini sauti hufutika. Nimetaka hili liwe kwenye karatasi. Atakuletea mkononi binti wa jirani anayesafiri Jumatano.

Khalati, nakuheshimu kama mama yangu mzazi, kwa hivyo sitakudanganya. Nilimwaibisha kwa makusudi. Nilipanga, nikangoja, na siku ilipofika nilivaa buibui jipya.

Wakumbuka ulipomleta. Alikuwa na miaka tisa, na begi moja la bluu lenye zipu mbovu. Ulikuwa umeachika, umepata kazi Maskati, ukasema ni kwa miezi sita tu. Sikulaumu kwa hilo, hali ilikuwa hali. Lakini miezi sita iligeuka miaka kumi na miwili, na aliyemlea, akamsomesha, akamfundisha mpaka kushika kalamu ni dadako. Mimi na Aidarus tulikula sinia moja. Ndiyo maana imeniuma hivi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wazijua kadi za Mama. Yule dadako alifundisha Kiswahili kwenye skuli ya Bondeni miaka thelathini na moja, na karatasi zilikuwa hazipatikani, basi hakuitupa hata kadi moja ya mwaliko wa harusi. Mbele ya kadi kuna majina ya maharusi kwa wino wa dhahabu, nyuma Mama ameandika sentensi moja yenye pengo, na chini yake maneno matatu ya kuchagua. Ziko mia mbili na kumi na mbili, ndani ya lile kopo kubwa la biskuti. Jibu hakuandika popote. Jibu lilikuwa kichwani mwake, na kwenye sentensi yenyewe kwa anayejua kusoma.

Kanuni yake ilikuwa moja tu, na sisi sote tulipigwa rula kwayo: usijaze pengo kabla ya kufika nukta. Mama alikuwa na ujanja wake. Mwanzo wa sentensi unakuvuta huku, mwisho wake unakurudisha kule. Mwenye pupa hunasa. Na katika nyumba hii mwenye pupa tulimjua sote.

Mwaka jana, siku ya Idi ndogo, Aidarus alikuja na halua, akaketi miguuni pa Mama, akasema anaogopa kadi zisije zikaliwa na mende, bora azipige picha kwa simu ziwe ukumbusho wa familia. Mama alifurahi mpaka akambusu kipaji cha uso. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshikia kadi moja baada ya moja apige picha. Lo! Nikikumbuka mikono yangu ilivyohangaika, najicheka.

Mwezi wa tisa, Alhamisi moja baada ya Magharibi, akanitumia kurasa kwenye simu. Kitabu cha mazoezi, ati nimwangalizie majibu, kwa kuwa majibu ilimbidi ayatie mwenyewe. Jalada ndilo lililofunguka kwanza: *Pengo na Jibu*, kimetungwa na Mwalimu Aidarus. Nyuma picha yake ndani ya koti. Nikafungua shukrani. Amemshukuru Mungu, amemshukuru mkewe, amemshukuru mwenye skuli yake ya kulipia huko ng'ambo ya daraja. Jina la Mama halimo. Nikatafuta tena, halimo.

Ijumaa nzima niliyapitia majibu yake. Arubaini na moja yalikuwa makosa. Aliyajaza vilevile alivyokuwa akiyajaza utotoni, akifika kwenye pengo kalamu ishatua. Ningeweza kumpigia simu, nimwonyeshe makosa, nimdai jina la Mama. Sikupiga. Niliyaandika makosa yote kwenye karatasi, nikaikunja, nikaitia ndani ya kopo. Kisha nikamjibu mwanao: MashaAllah, hongera, peleka tu kikachapishwe.

Umeona sasa? Nilijua. Sikuambiwa na mtu.

Kitabu kililetwa hapa na Wanza, yule mwalimu wa Kitui aliyefundisha na Mama na sasa anapanga chumba chetu cha chini. Alikikuta skulini kwake, watoto wa darasa la sita washagawiwa. Alipanda ngazi akihema kwa hasira na kumwekea Mama mapajani. Mama akalipapasa jalada kwa vidole, akafurahi, akataka nimshikishe kidole pale jina lake lilipoandikwa. Khalati, nilikosa pa kukiweka kidole chake. Mama akaelewa. Akakirudisha kitabu mkononi mwangu, akaomba maji. Siku ile ndiyo niliyoapa.

Uzinduzi ulifanywa mwezi jana kwenye ukumbi mmoja hapa Mji wa Kale. Aidarus alinialika mwenyewe, akaniwekea kiti cha mbele. Wazee wa skuli walijaa, walimu, na wale mabibi wa Kibokoni wasiokosa shughuli. Walipofika kwenye maswali, Wanza akasimama kwa adabu, kama tulivyopatana, akamwomba mtunzi asome sentensi ya ukurasa wa thelathini na nne pamoja na jibu lake.

Mwanao akasoma kwa sauti ya minbari: "Mama alikuwa safarini, hakujipaka manukato wala kutoka nyumbani, hata miezi minne na siku kumi ikatimia."

Kisha bibi mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti hiyo ni safari gani ya kutotoka nyumbani. Kicheko kilichopigwa hapo, wallahi, kilitoka mpaka barabarani. Hata mtoto wa hapa akisikia miezi minne na siku kumi anajua ni mjane aliye edani. Na neno lenyewe lilikuwa pale chini, la pili katika yale matatu.

Wao walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu eda ile ilikuwa ya Mama, alipofariki Baba. Kadi ile aliiandika akiwa ndani ya chumba chake. Aidarus alikuwa na miaka kumi na miwili, akilala chumba cha pili, na kila asubuhi yeye ndiye aliyempelekea chai.

Wanza hakumpa nafasi ya kumeza mate. Ukurasa wa hamsini na moja. Akasoma, sasa sauti imepungua: "Mtoto aliyeletwa na begi moja alipokewa kwa masharti, akapewa kitanda cha karibu na dirisha, sahani yake mwenyewe, na tonge la kwanza kila jioni." Maneno ya kuchagua yalikuwa masharti, shida na mapenzi. Khalati, hebu niambie wewe uliyemleta. Begi lilikuwa la nani? Kitanda cha dirishani alikilalia nani? Mama alimwandika yeye, na yeye hakujisoma mpaka mwisho.

Hapo ndipo nilipoinuka na kopo langu. Nilizimwaga kadi zote juu ya meza yake, juu ya vitabu na maua. Mabibi wakasogea, mmoja akaokota kadi, akaigeuza, akapiga ukelele: kadi ya harusi yake mwenyewe, ya mwaka wa themanini na tisa, na nyuma yake mwandiko wa Bi Swabaha! Mwengine akaiona ya dadake. Mwengine ya marehemu mwanawe, akaibusu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwanao alisimama pale na koti lake, jasho likimtiririka, na hakuna aliyemtazama. Asante ya punda ni mateke, lakini siku hiyo punda alirudishiwa.

Kama nilifurahi? Nilifurahi sana. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikichagua njia ndefu.

Nikamsimulia Mama yote, na kwa madaha. Nilidhani atanibusu kipaji. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mambo mawili tu. Vitabu vingapi viko mikononi mwa watoto? Na mimi makosa yale niliyajua lini? Nikamwambia vitabu ni mia nne. Swali la pili nililijibu kwa sauti ya chini. Mama alikisukuma kisahani chake cha halua kando, na hakunisemesha tena mpaka kesho yake.

Kesho yake alimwita Aidarus, akaja. Alilia pale sakafuni, akamshika Mama miguu, akasema mchapishaji alimharakisha. Mama hakumfukuza wala hakumfariji. Aliamuru vitabu vyote virudishwe, kimoja kimoja, vikasahihishwe hapa nyumbani kwa mkono. Sasa kila Jumamosi na Jumapili tangu adhuhuri tunaketi kwenye mkeka ule ule wa utotoni. Mimi nasahihisha majibu kwa wino mwekundu, arubaini na moja kila kitabu, mpaka vidole vimevimba. Yeye anakata jina lake kwenye jalada na kuandika la Mama, herufi kwa herufi, *Bi Swabaha wa Kibokoni*. Akikosea nampa kitambaa afute aanze tena. Hilo, khalati, ndilo linalonipa usingizi mzuri. Hatusemezani, ila kuombana kalamu.

Ningemaliza hapa, ukanihesabu mshindi. Lakini nimeapa sitakudanganya.

Alhamisi iliyopita Mama alitaka kadi tupu. Nikamletea moja, ya harusi ya Aidarus kwa bahati. Akaniambia niandike, yeye atataja, ni kadi ya mia mbili na kumi na tatu. Nikaandika: *Mahfudha alikuwa* — akaniambia niache pengo, nikaacha — *wa Aidarus*. Akanitajia maneno matatu ya chini: adui, hakimu, mshirika. Sikumngoja. Nilisema adui, kwa sauti, na kwa furaha. Mama akatabasamu kama mtu aliyesikia mlango aliokuwa akiungojea ukifunguka, kisha akaendelea kutaja sentensi yake taratibu, nami nikaandika mpaka mwisho: *kwani aliliona kosa, akalinyamazia, hata watoto wakalisoma.* Nukta.

Miaka hamsini na mbili ninayo, mwalimu mwenyewe, na nimenasa palepale aliponasa mwanao. Watoto wa darasa la sita wa Wanza walisoma kwa miezi mitatu kwamba mjane yuko safarini, nami nilikuwa na karatasi ya makosa ndani ya kopo. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mama hajaniuliza jibu tena. Kadi ameiacha juu ya meza, na nimeizunguka siku tatu.

Leo asubuhi nimeijaza. Neno la tatu. Naitia ndani ya bahasha hii uione kwa macho yako, upande mmoja harusi ya mwanao, upande wa pili jina langu.

Basi tusalimie Jihan na wanawe, na Ami Sheikhan mwambie kahawa yake bado tunaikumbuka. Mama anakusalimu sana, anasema upime presha. Wanza naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Allah akufikishe Ramadhani ukiwa na afya, akupe funga nyepesi na goti jepesi.

Na kuhusu msamaha ulioniomba, khalati, bado nasoma. Mwanao naye bado anaandika. Amebakiza vitabu mia na sitini na tatu.

Akupendaye hata kwa hasira zake,
binti wa dadako,

Mahfudha